Mvuke mkali, umeme nafuu? Hesabu ambayo mwekezaji mdogo hana budi kuijua

Na Mwandishi Wetu, Igoma, Mwanza

MFANYABIASHARA wa Igoma haitaji kufundishwa maana ya umeme. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mchomeleaji wa mageti kando ya barabara ya Musoma, muuza samaki mwenye friza tatu, hata kinyozi, wote wanajua kwamba uniti ya umeme ni bidhaa kama gunia la mchele: ina gharama ya kuizalisha, ya kuisafirisha, na mwisho ina mtu wa kuilipia. Wanakumbuka pia mgawo wa umeme, kuanzia ule wa ukame wa 1992 na 1994, wa 2006, wa 2011, hadi ule wa mwishoni mwa 2023.

Wasichoambiwa mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ya uniti moja huamuliwa na jambo dogo kwa kulitamka: mvuke unaoingia kwenye mtambo una joto kiasi gani. Kwa zaidi ya miaka 100 makampuni makubwa ya Ulaya, Marekani, Japani na sasa China yameshindana kupandisha joto hilo kwa nyuzi chache chache. Kila hatua imegharimu mabilioni. Baadhi ya waliowekeza wametajirika, wengine wameachwa na vyuma vilivyochoka kabla ya deni kwisha.

Ukurasa huu unaeleza mashindano hayo kwa lugha ya duka, kwa sababu fedha za mwekezaji mdogo zimo ndani yake, iwe kwa hisa za kampuni ya umeme, za kiwanda cha sukari, au kwa bei anayolipa kila anaponunua LUKU.

MTAMBO WENYEWE

Tabaini ya mvuke ni mashine yenye ekseli ndefu iliyozungushiwa mapanga mengi, safu baada ya safu. Maji huchemshwa kwenye boila hadi yawe mvuke wenye presha kubwa. Mvuke huo hupigwa kwenye mapanga, ekseli inazunguka, na jenereta iliyounganishwa nayo inatoa umeme. Ukishamaliza kazi, mvuke hupozwa ukawa maji tena na kurudishwa kwenye boila. Mwingereza Charles Parsons alitengeneza ya kwanza yenye manufaa mwaka 1884, na hadi leo sehemu kubwa ya umeme wa dunia hutoka kwenye mashine za ukoo huo, uwe moto umetoka kwenye makaa ya mawe, gesi, nyuklia, kuni au makapi ya miwa.

Kwa nini joto lina thamani? Chukua mfano wa maporomoko ya maji. Ndoo moja ya maji ikianguka kutoka kimo cha mita 10 inafanya kazi ndogo, ikianguka kutoka mita 100 inafanya kazi kubwa zaidi, ingawa ndoo ni ile ile. Joto nalo ni hivyo. Linaanguka kutoka kwenye moto hadi kwenye maji ya kupozea, na urefu wa anguko hilo ndio unaoamua kiasi cha kazi kinachoweza kupatikana. Mfaransa Sadi Carnot aliligundua jambo hili mwaka 1824, kabla hata ya tabaini kuwapo.

Chini hatuwezi kuteremka sana. Ukipoza mvuke kwa maji ya Ziwa Viktoria, ziwa lenyewe lina nyuzi kama 25 za sentigredi, na hakuna wa kulipunguza. Njia iliyobaki ni kupanda juu. Kwa kanuni ya Carnot, mvuke wa nyuzi 540 unaopozwa hadi nyuzi 30 hauwezi kamwe kutoa zaidi ya asilimia 63 ya joto lake kama kazi. Ukiupandisha hadi nyuzi 600, kikomo kinasogea hadi asilimia 65. Mitambo halisi hupata chini ya hapo kwa mbali, kwani kuna joto linalotoroka kwenye bomba la moshi, msuguano, na pampu zinazokula umeme wao wenyewe.

Presha nayo hupandishwa pamoja na joto. Maji yakifika nyuzi 374 kwenye presha ya baa 221, ambayo ni zaidi ya mara 25 ya presha ya tairi la lori, hayachemki tena kwa mapovu. Yanageuka moja kwa moja, bila mpaka kati ya maji na mvuke. Mitambo inayofanya kazi chini ya mpaka huo, hasa midogo na ya zamani, kwa kawaida hubadilisha theluthi moja au kidogo zaidi ya nguvu ya makaa kuwa umeme. Inayovuka mpaka hufika asilimia 40 na kuendelea. Mtambo wa tatu wa Nordjylland nchini Denmark, ulioanza kazi 1998 kwa mvuke wa nyuzi zipatazo 580, ukisaidiwa na maji baridi ya bahari ya kwao, ulifikia asilimia 47.

HESABU YA MAKAA

Sasa tuweke tarakimu mezani. Uniti moja ya umeme ni sawa na megajuli 3.6 za nguvu. Mtambo wenye ufanisi wa asilimia 25 unahitaji megajuli 14.4 za joto ili kutoa uniti moja. Wenye asilimia 35 unahitaji 10.3. Wenye asilimia 45 unahitaji 8 tu. Kwa makaa yenye megajuli 24 kwa kilo, hizo ni gramu 600, gramu 430 na gramu 330.

Tofauti ya gramu 100 ni kama konzi moja ya makaa. Lakini mfanyabiashara anajua senti tano kwenye kilo inavyofanya kazi ikizidishwa kwa shehena nzima.

Tuseme kuna kampuni yenye mtambo wa megawati 100, unaofanya kazi saa 7,000 kwa mwaka. Utatoa uniti milioni 700. Kwa ufanisi wa asilimia 35 utachoma tani 300,000 za makaa. Kwa asilimia 42 utachoma tani 250,000. Tani 50,000 zimebaki mgodini. Kwa malori ya tani 25, hizo ni safari 2,000 ambazo hazikufanyika: dizeli, matairi, posho za madereva na foleni za mizani. Moshi nao umepungua kwa kiwango hicho hicho.

Kama tani moja ikifika kiwandani inagharimu Sh 100,000 (tarakimu hii ni ya mfano tu, msomaji aweke ya kwake), kampuni imeokoa Sh bilioni 5 kwa mwaka. Mkurugenzi akisimama mbele ya wanahisa na habari hiyo, atapigiwa makofi.

Lakini mwanahisa makini asipige makofi kwanza. Aulize mtambo huo mkali umegharimu kiasi gani zaidi ya ule wa kawaida. Tuseme ni Sh bilioni 40 za ziada, zilizokopwa. Kwa riba ya asilimia 10, riba peke yake ni Sh bilioni 4 kwa mwaka, na inabaki bilioni 1 ya kuanza kulipia deni lenyewe. Kwa riba ya asilimia 15, riba ni Sh bilioni 6, na teknolojia bora imeleta hasara ya bilioni 1 kila mwaka. Na kama mtambo utafanya kazi nusu ya muda uliopangwa, akiba ya makaa inashuka hadi bilioni 2.5 wakati riba haishuki hata senti.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Makaa yanalipwa kadiri yanavyochomwa. Chuma kinalipwa chote mwanzoni, uchome usichome.

CHUMA KINACHOCHOKA

Kwa nini mtambo wa mvuke mkali uwe ghali hivyo? Kwa sababu chuma hakipendi joto. Kila fundi wa Igoma amewahi kuona nondo iliyopashwa hadi kuwa nyekundu ikipinda kwa mkono. Ndani ya mtambo jambo hilo hutokea polepole mno. Bomba lililo kwenye nyuzi 550, likibeba presha kubwa usiku na mchana, hunyooka na kutanuka kidogo kidogo kila mwezi, kama kamba ya kuanikia nguo inavyolegea. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya miaka 10 linapasuka.

Ndiyo maana wahandisi huchagua chuma kwa kukadiria kitakavyostahimili saa 100,000 au zaidi za kazi mfululizo, ambazo ni zaidi ya miaka 11. Ngazi zenyewe ziko hivi. Chuma cha kawaida hakifai kupita nyuzi 400 na ushei. Kilichochanganywa na kromi na molibdeni kidogo hufika nyuzi 540 hadi 565, na ndicho kilichotawala dunia kwa miongo mingi. Chuma chenye kromi ya asilimia 9 hadi 12, kilichoboreshwa Marekani na Japani kuanzia miaka ya 1970 na 1980, kilifungua mlango wa nyuzi 600 na kidogo juu yake. Kupita hapo, kuelekea nyuzi 700, chuma kinaishiwa na inabidi kutumia aloi za nikeli, ambazo bei yake ni ya mara kadhaa na uchomeleaji wake ni kazi ya wachache.

Historia ina somo kwa wenye haraka. Mwaka 1957 kampuni moja ya Marekani iliwasha mtambo wa Philo namba 6 huko Ohio kwa nyuzi 621. Miaka michache baadaye ukafuata mtambo wa Eddystone namba 1 karibu na Philadelphia, wa megawati 325, uliobuniwa kwa nyuzi 649. Ulikuwa mkali kuliko yote duniani. Vyuma vikaleta matatizo, waendeshaji wakalazimika kushusha joto na presha, na mtambo ukaendelea kwa kiwango hicho cha chini hadi ulipofungwa 2011. Sekta nzima ya Marekani ikarudi kwenye nyuzi 540 na kukaa hapo kwa muda mrefu.

Wajapani walikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Walijaribu chuma kwanza, wakapanda nyuzi chache, wakasubiri, wakapanda tena. Mtambo wa pili wa Isogo, uliomo ndani ya jiji la Yokohama, ulianza 2009 kwa nyuzi 600 kwenye hatua ya kwanza na 620 baada ya mvuke kupashwa upya. China ikajifunza kutoka kwa wote, na mtambo wa Pingshan wa megawati 1,350, uliounganishwa na gridi mwishoni mwa 2020, umetangazwa kukaribia asilimia 50.

Ulaya ililenga nyuzi 700. Mradi wa pamoja ulianza 1998, na vipuri vya nikeli vikajaribiwa ndani ya mtambo wa Scholven nchini Ujerumani kuanzia 2005. Kampuni ya E.ON ikatangaza kwamba ingejenga mtambo kamili huko Wilhelmshaven, ambao ungevuka asilimia 50. Haukujengwa. Vipuri vya majaribio vilikuwa na nyufa za kushughulikiwa, nikeli ilikuwa ghali, na wakati huo huo upepo na jua vilianza kuchukua soko. Mtambo uliopigiwa hesabu ya kufanya kazi saa 7,000 ungejikuta ukisubiri upepo utulie ndipo uwashwe. Rudi kwenye hesabu yetu ya bilioni 2.5 uone kilichowatisha.

KINYEREZI: MOTO MMOJA, KAZI MBILI

Kwetu Tanzania njia ya mvuke mkali imeingia kwa mlango mwingine. Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua mtambo wa Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, wa megawati 240, uliojengwa na Sumitomo ya Japani kwa gharama ya Dola milioni 344, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Japani. Ni wa kwanza nchini wa aina inayounganisha gesi na mvuke.

Utaratibu wake ni wa kibiashara kabisa. Gesi asilia huchomwa ndani ya tabaini za gesi, ambazo hufanana na injini ya ndege. Peke yake tabaini ya aina hiyo hubadilisha karibu theluthi moja tu ya gesi kuwa umeme. Theluthi mbili hutoka kama moshi wenye joto la zaidi ya nyuzi 500. Katika mtambo wa kawaida moshi huo hupotelea angani. Kinyerezi II huupitisha kwenye boila, unachemsha maji, na mvuke unaendesha tabaini nyingine. Gesi iliyolipiwa mara moja imefanya kazi mara mbili, na ufanisi wa mitambo ya aina hii hufika karibu nusu, na kwa ile mikubwa ya kisasa duniani hupita asilimia 60.

Ni kama mama lishe anayechemsha maharage, kisha juu ya makaa yale yale yaliyobaki anaweka birika la chai. Mkaa haukuongezeka, lakini mauzo yameongezeka. Gharama ya ziada ni birika, na ni lazima awepo mnywaji wa chai.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024 na mashine zake zote tisa kukamilika 2025, zikiwa na uwezo wa megawati 2,115, mitambo ya gesi haiko tena katika nafasi iliyokuwa nayo mwaka 2018. Maji yakiwa mengi, uniti ya bwawa haina mafuta ya kulipia. Lakini waliopitia 1994, 2006 na 2023 hawatasahau kwamba mvua haisaini mkataba. Mtambo wa gesi wenye ufanisi ni kama akiba ya benki. Unagharimu ukiwa umelala, na siku ya njaa ndio unaolisha.

JIRANI YETU WA NYAKATO

Wasomaji wa Igoma hawana haja ya kwenda Kinyerezi kupata somo jingine. Kata ya jirani, Nyakato, upo mtambo wa megawati 60 uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakati wa shida ya umeme. Hauna tabaini ya mvuke. Una injini kubwa za pistoni zinazotumia mafuta mazito. Injini za aina hiyo zina ufanisi mzuri kuliko watu wanavyodhani, unaopita asilimia 40, yaani zinaishinda mitambo mingi midogo ya mvuke.

Je, umeme wake ulikuwa wa bei nafuu? Hapana. Mafuta yenyewe ni ghali, yanaagizwa kwa dola, na yanasafirishwa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani hadi Mwanza. Ufanisi mzuri wa mafuta ya ghali bado ni umeme wa ghali.

Upande wa pili ni Olkaria, Kenya, ambako mvuke hutoka ardhini. Mtambo wa kwanza, wenye mashine tatu za megawati 15, ulianza 1981. Mvuke unaoingia kwenye mashine zake una nyuzi kama 150 tu, na ufanisi wake ungemchekesha mhandisi wa Yokohama. Lakini hakuna makaa ya kununua. Gharama iko kwenye kuchimba visima na kulipa mikopo, kisha ardhi inafanya kazi yake. Kwa sababu hiyo Kenya imeendelea kupanua eneo hilo, na Olkaria V ilianza kazi 2019.

Kwa hiyo anayekuja kukuuzia hisa kwa kusifu asilimia za ufanisi peke yake, amekupa nusu ya bei. Nusu nyingine ni mafuta yanatoka wapi na kwa fedha gani.

MIWA: SOMO LA MUMIAS

Sekta iliyo karibu zaidi na mfuko wa mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa ni sukari. Kila kiwanda cha sukari ni kituo cha umeme pia. Miwa ikikamuliwa hubaki makapi, yanachomwa kwenye boila, mvuke unaendesha tabaini, kisha mvuke ule ule unachemsha juisi ya miwa. Kagera, Kilombero, Mtibwa na TPC ya Moshi wote huishi hivyo, na TPC imewahi kuiuzia TANESCO umeme wa ziada. Hata Njombe, kampuni ya TANWAT ilifunga mtambo mdogo wa mvuke wa megawati 2.5 unaotumia kuni katika miaka ya 1990.

Zamani boila za sukari zilikuwa za presha ndogo, kama baa 20, kwa makusudi. Makapi yalikuwa uchafu wa kuondoa, kwa hiyo kuyachoma hovyo hakukuwa hasara. Kiwanda cha namna hiyo hubakiwa na ziada isiyozidi uniti 20 hivi kwa kila tani ya miwa. Mauritius ndiyo iliyoonyesha njia nyingine. Mtambo wa Belle Vue, ulioanza 2000, ulifungwa boila za baa 82 na mvuke wa nyuzi 525, na mitambo ya kiwango hicho hutoa ziada ya zaidi ya uniti 100 kwa tani. Kiwanda kinachosaga tani 500,000 kwa msimu kinatoka kwenye uniti milioni 10 za kuuza hadi milioni 50, kwa miwa ile ile.

Ng'ambo ya ziwa letu, Kakira karibu na Jinja, wamefuata njia hiyo. Walianza kuuza umeme kwenye gridi ya Uganda miaka ya 2000, na upanuzi uliokamilika 2013 uliwapa uwezo wa megawati zaidi ya 50, ambapo 32 ni za kuuza.

Mumias ya magharibi mwa Kenya nayo ilifuata. Hisa zake ziliingia Soko la Nairobi 2001 na zikapendwa na wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo. Mwaka 2009 ikazindua mtambo wa makapi wa megawati 38, ambapo 26 zilikuwa za kuuzia kampuni ya umeme ya Kenya. Kwenye karatasi mradi ulikuwa safi: mvuke wa kisasa, mnunuzi mwenye mkataba, mafuta ya bure.

Mafuta hayakuwa ya bure. Makapi ni miwa, na miwa ni mkulima. Mkulima aliyecheleweshewa malipo alipeleka miwa kwa mnunuzi mwingine au aling'oa akapanda mahindi. Miwa ilipopungua, kiwanda kilikosa sukari ya kuuza na boila ikakosa cha kuchoma, na madeni yakaendelea kuhesabu siku. Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mfilisi kwa deni la benki, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Aliyenunua hisa kwa kuangalia mtambo akasahau kuangalia shamba, alibaki na karatasi.

LAMU NA SUALA LA KIBALI

Kuna hatari nyingine isiyopimwa kwa nyuzi joto. Mradi wa makaa wa Lamu, Kenya, wa megawati 1,050, ulinadiwa kuwa wa mvuke mkali wa kisasa, na kampuni ya GE ya Marekani ikatangaza 2018 kwamba ingeingia na teknolojia yake. Juni 2019 chombo cha kusikiliza rufaa za mazingira nchini humo kikafuta kibali chake, kikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na kasoro. Mtambo unaochoma makaa kidogo bado unachoma makaa, na siku hizi mabenki mengi makubwa hayataki tena kuugusa. Kwa mwenye ndoto ya makaa ya Kiwira, Mchuchuma au Ngaka kugeuzwa umeme, gharama ya mkopo na kibali sasa ni sehemu ya bei kama ilivyo bei ya chuma.

MWEKEZAJI AFANYE NINI?

TANESCO haiko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, hivyo Mtanzania hawezi kununua kipande cha Kinyerezi kwa dalali. Anayetamani hisa za umeme huangalia majirani, hasa KenGen ya Kenya, mwenye Olkaria. Hapo pia pana funzo. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa umma kwa Sh 11.90 za Kenya, watu wakazigombea, na zilipoingia sokoni zikapanda mara kadhaa. Mwaka 2016 kampuni, ikihitaji mtaji, iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa Sh 6.55. Mitambo ilikuwa inafanya kazi na mvuke ulikuwepo. Aliyenunua kileleni mwa shangwe ndiye aliyeumia.

Ukipelekewa waraka wa mradi wowote wa umeme wa mvuke, uwe wa kiwanda cha sukari, wa pumba za mpunga au wa kikundi cha wafanyabiashara wenzako, uliza maswali haya kabla ya kufungua pochi:

Kwanza, mafuta ni ya nani? Kama ni makapi au pumba, nani anayaleta, analipwa lini, na siku akikasirika atayapeleka wapi?

Pili, mnunuzi wa umeme ni nani na mkataba ni wa miaka mingapi? Je, analipa kwa shilingi wakati deni la mtambo ni la dola?

Tatu, mtambo umepigiwa hesabu ya saa ngapi za kazi kwa mwaka? Punguza nusu, kisha angalia kama riba bado inalipika.

Nne, joto na presha ya mvuke ni kiasi gani, na je, kuna mtambo kama huo ambao umeshafanya kazi miaka 10 mahali pengine? Usikubali kuwa wa kwanza kwa fedha zako mwenyewe. Eddystone ilikuwa ya kwanza.

Tano, bomba likipasuka, fundi wa kulichomelea anatoka wapi? Chuma cha kromi ya asilimia 9 hakichomelewi kama geti. Hupashwa kwa kipimo kabla na baada ya kuchomelewa, la sivyo kinapasuka pale pale. Fundi akitoka ng'ambo, siku anazosafiri ni siku ambazo hakuna mauzo.

Kwa mwenye kiwanda kidogo hapa Igoma ambaye tayari ana boila yake, iwe ya kusindika samaki, sabuni au mafuta ya pamba, hana haja ya kungoja nyuzi 600. Kufunga bomba la mvuke kwa kizuia joto, kurudisha maji ya moto kwenye boila badala ya kuyamwaga, na kuziba mahali panapovuja ni ufanisi ule ule wanaoutafuta Yokohama, kwa gharama ya vifaa vinavyopatikana mjini. Bomba lililo uchi linapasha hewa ya Mungu kwa kuni ulizonunua.

Mwenye mashine ya kukoboa, ambaye yeye hununua LUKU tu, amebaki na jambo moja la kufanya. Akisikia mtambo mpya unazinduliwa na wakubwa wakitaja asilimia za ufanisi, asikilize kama watataja pia riba, mnunuzi na mafuta. Wasipovitaja, ajue vitatajwa baadaye kwenye bei ya uniti.